Kulijenga Upya Somo la Uhandisi wa Kilimo Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Mhadhiri Mwenye Darasa Kubwa na Vifaa Vichache

Wape wanafunzi wako wa mwaka wa tatu swali hili, bila notisi: mkulima ana kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20. Anataka kuyakausha mpaka asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki. Yatatoka maji kilo ngapi?

Wengi watatoa 13.5 kwenye 20 na kukujibu 6.5. Jibu sahihi ni 7.5. Katika zile kilo 100, kilo 80 ni mahindi makavu kabisa, na hizo hazibadiliki. Baada ya kukausha, kilo 80 hizo ndizo zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo, kwa hiyo mzigo mzima una kilo 92.5. Kilo moja ya tofauti inaonekana ndogo. Ipeleke kwenye lori la tani 30: maji yanayotoka ni kilo 2,254, wakati mhandisi aliyetoa tu aliandika 1,950. Hayo ni magunia matatu ya kilo mia yasiyoonekana, na atakayeitwa ofisini kujieleza ni mtunza ghala ambaye hakuiba hata punje.

Wanafunzi hao hao wanaweza kukujazia ukurasa kwa milinganyo ya uhamishaji wa joto, na wengi walifaulu mtihani wa mwaka wa pili kwa alama nzuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: tumewafundisha kupita kwenye karatasi, hatujawafundisha kuikamata namba na kuiuliza inatoka wapi na itamuumiza nani. Katika fani yetu namba hizo zina uzito. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 sumukuvu hiyo hiyo iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Ukaushaji na uhifadhi wa nafaka, jambo tunalolipa sura moja ya silabasi, ni miongoni mwa kinga za kwanza dhidi ya vifo vya namna hiyo.

Mwongozo huu ni kwa mhadhiri wa uhandisi wa kilimo, umwagiliaji, zana za kilimo au usindikaji, mwenye darasa la watu mia na zaidi, kipima unyevu kimoja kinachofanya kazi, na karakana inayofungwa saa tisa na nusu. Mifano mingi nimeichukua kwenye ukaushaji wa nafaka na umwagiliaji, ila hatua ni zile zile ukifundisha biogesi au mashine za shambani. Usijaribu kubadilisha masomo yako yote kwa mpigo. Chagua somo moja, ulipe muhula mmoja.

Hatua ya 1: Andika maamuzi, acha kuandika mada

Fungua silabasi yako. Kuna uwezekano mkubwa utakuta orodha ya mada, na juu yake malengo yanayoanza na "mwanafunzi ataelewa". Huwezi kupima kuelewa kwa namna hiyo. Chukua karatasi nyingine na uandike: mhitimu wa somo hili atakabidhiwa uamuzi gani miaka miwili baada ya mahafali, akiwa peke yake, bila mimi?

Kwa somo la usindikaji na uhifadhi wa mazao, orodha yangu ingekuwa fupi:

- Kuamua kama shehena fulani ya nafaka inaweza kuingia ghalani leo, au ikaushwe kwanza, na kwa muda gani.
- Kuchagua kati ya turubai, kikaushio cha kuni, kihenge cha chuma na mifuko isiyopitisha hewa, kwa kijiji chenye kipato fulani na mvua za aina fulani.
- Kukagua kikaushio kilichopo na kusema joto linapotelea wapi.
- Kumweleza mkulima au mnunuzi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini mzigo umepungua uzito.

Ukishapata maamuzi manne au matano, pitisha kila mada ya silabasi mbele yake. Mada isiyosaidia uamuzi wowote iondoke, au iwe ya kusoma nyumbani. Hapa watu wengi hushindwa, kwa kuwa kila mada ina mwenyewe aliyeipenda. Piga hesabu ya muda ili ujipe moyo. Kwa utaratibu wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, zikiwemo za kujisomea. Somo la krediti 10 lina saa 100 kwa jumla, na pengine nusu yake tu ndiyo mtaonana. Ukiingiza mada ishirini ndani ya saa hizo, kila moja inapata saa mbili na ushee za kukaa nawe. Hakuna anayejifunza uhandisi kwa saa mbili na ushee.

Maoni yangu ni haya: kitu cha kwanza kupunguza ni uainishaji. Aina saba za vikaushio pamoja na faida na hasara zake ni jambo la kusoma kwenye kitabu. Saa ya darasani itumike kwa mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyafanya akiwa peke yake.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujaendelea. Idara nyingi duniani zimebadilisha jina katika miongo ya karibuni. Jumuiya ya wahandisi wa kilimo ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1907, iliongeza neno la bayolojia kwenye jina lake mwaka 2005, na kwetu idara ya Chuo Kikuu cha Nairobi na ile ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) nazo zimeingiza mifumo hai katika majina yao. Jina likibadilika, swali la kujiuliza ni kama somo nalo limebadilika. Chuma hakipumui. Punje ya mahindi inapumua, nyanya inatoa jasho, na samadi ndani ya mtambo wa biogesi ina viumbe wanaoweza kufa. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba mali ghafi ina tabia moja isiyobadilika atakuja kushangazwa na gunia la kwanza atakalolifungua.

Hatua ya 2: Tunga mtihani wa mwisho kabla ya mhadhara wa kwanza

Ukitunga mtihani mwishoni, utatunga kutokana na ulichofundisha, hata kama hukufundisha kilichotakiwa. Utunge sasa, wakati orodha ya maamuzi bado iko mezani.

Linganisha maswali mawili. La kwanza: "Eleza mambo matano yanayoathiri kasi ya ukaushaji wa nafaka." Jibu lake liko kwenye madesa yanayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, na mwanafunzi aliyekariri atapata alama zote. La pili: "Ushirika una tani 12 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20. Mvua zinatarajiwa baada ya siku nne. Una kikaushio cha kuni chenye ufanisi wa asilimia 25. Kadiria kuni zitakazohitajika, kisha mshauri mwenyekiti kama akaushe zote, sehemu, au auze mbichi. Taja dhana mbili ulizozitumia ambazo zikikosewa ushauri wako utabadilika."

Swali la pili linahesabika. Kila tani inatoa maji kilo 75. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.5, kwa hiyo tani moja inataka megajuli 188. Kwa ufanisi wa robo, utachoma megajuli 750, na kwa kuni kavu zenye megajuli 16 kwa kilo, hizo ni kuni kilo 47 kwa tani, au kilo 560 hivi kwa mzigo wote. Alama nyingi ziende kwenye ushauri na zile dhana mbili, maana hapo ndipo unapomwona mhandisi.

Mpe mratibu wa mitihani na mtahini wa nje rasimu yako mapema, ukieleza kwa nini maswali yamebadilika sura. Mtahini akiona mtindo mpya kwa mara ya kwanza siku ya kusahihisha, atadhani umelegeza.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, pima walichonacho kichwani

Toa karatasi moja yenye maswali sita, dakika kumi na tano, bila alama. Swali la kilo 100 za mahindi liwemo. Weka pia la aina hii: mahindi makavu yamejazwa kwenye kihenge cha bati kilichofungwa vizuri, kimewekwa nje, mchana jua kali, usiku baridi. Ukungu ukianza, utaonekana wapi kwanza: chini, katikati, au juu? Wengi watasema chini, kwa sababu wanafikiri maji hushuka. Hewa ya joto hupanda na unyevu wake, inakutana na bati lililopoa usiku, maji yanajikusanya na kudondokea nafaka ya juu.

Usisahihishe kwa alama ya vema na mkasi. Hesabu makosa kwa aina yake: wangapi walitoa asilimia kwa asilimia, wangapi hawajui tofauti ya unyevu kwa uzito wa nafaka yote na unyevu kwa uzito wa nafaka kavu, wangapi wameacha wazi. Jedwali hilo dogo litakuambia wiki tatu za mwanzo uzitumie wapi. Zitunze karatasi, zitahitajika tena.

Hatua ya 4: Badilisha dakika hamsini za mhadhara

Ushahidi hapa ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, ukijumuisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulikuta kwamba kwenye madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8 kwa wastani, na kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kitu wakati wa kipindi walikuwa asilimia 21.8. Wewe unayesahihisha sapu, mitihani ya marudio, kila mwaka unajua tofauti hiyo ina maana gani kwa darasa la watu 150: ni vijana 18.

Njia iliyo rahisi kuanza nayo kwenye ukumbi mkubwa ni ile aliyoanza kuitumia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Inahitaji swali zuri na vidole. Fanya hivi:

Eleza wazo moja kwa dakika kumi hadi kumi na mbili, usizidishe. Kisha weka swali la kuchagua ubaoni, lenye majibu manne, na majibu ya uongo yatokane na makosa uliyoyakuta Hatua ya 3. Wape dakika moja na nusu wafikiri kimya, kila mtu peke yake. Ukimya huu ni wa lazima. Ukiuruka, wawili watatu walio mbele watawafikiria wenzao wote. Kisha sema "moja, mbili, tatu", kila mmoja anyanyue vidole kuanzia kimoja hadi vinne, avishike kifuani ili jirani asinakili. Tupia jicho ukumbini.

Waliopata wakiwa chini ya theluthi, swali ni gumu au maelezo yako hayakuingia. Rudi ueleze kwa njia nyingine. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi na songa mbele. Wakiwa katikati, hapo ndipo penye utamu: waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na amshawishi. Dakika tatu. Piga kura tena. Mara nyingi kura ya pili inahamia kwenye jibu sahihi bila wewe kusema neno, kwa kuwa aliyeelewa dakika tano zilizopita bado anakumbuka kilichomtatiza, wakati wewe ulishasahau miaka ishirini iliyopita.

Waache wabishane kwa Kiswahili. Kwa Tanzania hasa, ambako mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili kwenye shule nyingi za serikali na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kidato cha kwanza, mwanafunzi anaweza kukaa kimya kwa miaka minne si kwa kukosa wazo, ila kwa kukosa sentensi. Wabishane kwa lugha waliyo huru nayo, kisha jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza cha mtihani, mistari mitatu. Wanapata vyote viwili: fikra, na zoezi la kuandika. Na mhitimu atakayekwenda kusimama kwenye mkutano wa skimu ya umwagiliaji atahitaji maneno ya banio, jaruba na mfereji mkuu zaidi ya anavyohitaji ya kitabuni.

Jiandae kwa malalamiko. Wiki ya tatu CR, kiongozi wa darasa, atakuja ofisini kukuambia darasa linasema "mwalimu hafundishi". Usitetereke. Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha wanafunzi wa fizikia: waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi kwa kipimo cha mtihani, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kusikiliza mhadhara mtamu. Jasho la kufikiri linafanana na kutoelewa. Waambie hivyo siku ya kwanza, na uwaonyeshe takwimu hizo, kabla lalamiko halijazaliwa.

Hatua ya 5: Vitendo bila kusubiri maabara ya ndoto

Kipindi cha vitendo kwetu mara nyingi kinakuwa hivi: watu arobaini wamezunguka mashine moja, fundi sanifu anaonyesha, watano walio mbele wanaona, waliobaki wananakili ripoti ya mwaka jana. Dawa yake ni vituo vingi vidogo vya vifaa vya bei nafuu, na kila kituo kiwe na watu watano hadi sita. Nakupa vitatu ninavyovipenda.

*Mkato wa V.* Kata ubao au bati lenye pembe ya V ya nyuzi 90, uliweke kwenye mfereji mdogo wa chuo. Mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni takriban 1.38 mara kina cha maji juu ya ncha ya V, kwa mita, kikiwa na kipeo cha 2.5. Kina cha sentimita 10 kinatoa lita 4.4 kwa sekunde. Kina cha sentimita 11 kinatoa lita 5.5. Kosa la sentimita moja tu ya rula limezidisha maji kwa zaidi ya robo! Kabla hawajapima, kila kundi liandike makisio yake, kisha wapime, kisha wathibitishe kwa pipa la lita 200 na saa ya simu: kwa kina cha sentimita 10 litajaa ndani ya sekunde 46 hivi. Kundi linalopata tofauti kubwa lina kazi ya kutafuta kwa nini. Mara nyingi walipima kina pale pale kwenye mkato, mahali ambapo maji yameshaanza kushuka, badala ya kurudi nyuma angalau mara nne ya kina hicho.

Halafu uliza swali linaloleta maana: kama mpunga unahitaji milimita 8 kwa siku, lita 4.4 hizo zinatosha hekta ngapi? Zinafika hekta 4.7 kama hakuna tone linalopotea. Kama nusu inapotea njiani, ni hekta 2.4 hivi. Sasa mwanafunzi anaelewa kwa nini wakulima wa mwisho wa mfereji na wa mwanzoni hawasalimiani.

*Bomba la mgongoni.* Litie maji matupu, kamwe usitie dawa. Pima pua inatoa kiasi gani kwa dakika, upana wa mnyunyizo, na mwendo wa anayetembea. Pua ya lita 0.9 kwa dakika na upana wa mita moja, mtu akitembea mita 0.75 kwa sekunde, inatoa lita 200 kwa hekta. Akitembea mita moja kwa sekunde, lita 150. Kila mwanafunzi atembee mita 20 na mwenzake ashike saa. Darasa zima litaona kwamba kipimo cha dawa shambani kimo ndani ya miguu ya mtu, na mjadala wa nani afunze wapuliziaji, na vipi, utaanza wenyewe.

*Gunia moja, sampuli nyingi.* Hiki ndicho kituo muhimu kuliko vyote. Chukua gunia moja la mahindi. Kila kundi lichote sampuli kutoka sehemu yake: juu, katikati, chini, pembeni. Kipimo cha rejea ni oveni: mahindi yasiyosagwa hukaa kwenye nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72. Wapime pia kwa kipima unyevu cha mkononi, na kwa njia ya chumvi: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa ya kioo kikavu, tikisa, acha kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa.

Matokeo yote yaandikwe ubaoni, bila majina ya makundi. Hayatalingana. Mwanafunzi aliyezoea majibu ya nyuma ya kitabu atauliza lipi ni sahihi, na hapo somo la kweli linaanza: kiumbe hai hakina namba moja. Wafanye wastani, wahesabu mtawanyiko, kisha waamue kama gunia hilo linaingia ghalani. Kama wastani ni 13.3 lakini sampuli za chini zina 15, utalipokea? Usiwape jibu haraka.

Kwa darasa la watu 150, gawa makundi 25 na uyazungushe kwa wiki, vituo vitano kwa siku. Ratiba hii haiwezekani bila fundi sanifu, kwa hiyo mshirikishe tangu kupanga. Yeye ndiye anayejua mizani ipi inadanganya. Ndani ya kundi, badilisha majukumu kila kituo: anayepima, anayeandika, anayekagua, anayesema. Usipoyabadilisha, utakuta wavulana wameshika spana na wasichana wameshika kalamu muhula mzima, na mafunzo kwa vitendo kazini (PT) yakifika, tofauti hiyo inaonekana.

Na usalama usiwe tangazo la mlangoni. Shafti ya trekta inayoendesha zana inazunguka mara 540 kwa dakika, mara tisa kila sekunde. Nguo ikinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele. Isiyo na kinga isiwashwe, hata kama kipindi kitaahirishwa.

Hatua ya 6: Kazi moja ya kweli, yenye mwenyewe

Muhula uwe na kazi moja ya kundi inayotoka kwa mtu halisi mwenye tatizo: skimu ya jirani, mashine ya kukoboa ya mtaani, wafugaji wenye maziwa yanayoharibika kabla ya kufika kituo cha kupoozea. Chuo cha Morogoro kina skimu za mpunga za Mvomero kama Mkindo na Dakawa karibu yake. Egerton iko Njoro katikati ya ngano na ng'ombe wa maziwa. Wa JKUAT kule Juja wanaweza kwenda kwenye skimu ya mpunga ya Mwea kwa siku moja na kurudi. Andika barua mapema, pitia ofisi ya kijiji na chama cha wamwagiliaji, na ahidi kitu kimoja tu: kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kisha urudishe kweli. Wakulima wamechoka kupimwa na watu wasiorudi.

Nina neno juu ya vikaushio vya jua. Kila mwaka, karibu kila idara, kuna mradi wa kikaushio cha jua kilichotengenezwa, kikapigwa picha, kikaachwa nyuma ya karakana. Sikatazi. Lakini kabla kundi halijakata mbao, lilete vitu viwili: maelezo ya mtu anayekausha zao hilo leo, mara nyingi mama, akieleza anafanyaje na nini kinamkera, na bei ya kila kipande kutoka dukani, pamoja na ya fundi wa mtaani. Wasipoweza kuonyesha kwamba kifaa chao kinashinda turubai jeusi kwa shilingi au kwa siku, mradi urudi mezani. Makundi mengine yatagundua kwamba tatizo la mama yule ni kupukuchua, wala si kukausha, na ripoti yao ikibadilika kwa sababu hiyo, wape alama.

Hatua ya 7: Kusahihisha bila kufa

Hapa nitakuwa mfupi. Jaribio la maswali matatu kila wiki, dakika kumi, ni bora kuliko test mbili kubwa. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma. Wabadilishane karatasi na kusahihishana hapo hapo, wewe ukague chache.

Kuzuia kudesa, mpe kila mwanafunzi namba zake. Mfano: unyevu wa kuanzia ni 18 jumlisha nusu ya tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili. Mwenye 0 anaanza na 18 na kutoa maji kilo 52 kwa tani. Mwenye 9 anaanza na 22.5 na kutoa kilo 104. Excel inakupa majibu yote kumi kwa safu moja. Wataweza kusaidiana njia, hawataweza kunakili jibu, na wakilinganisha wataona kitu ambacho hukuwaambia: nyongeza ndogo ya unyevu inazidisha kuni maradufu.

Ripoti za vitendo ziwe kurasa mbili. Zisahihishwe kwa vigezo vinne vilivyobandikwa ubaoni tangu mwanzo, na zirudi ndani ya wiki moja. Maoni yanayorudi baada ya mtihani wa mwisho wa muhula (UE) hayana anayeyasoma.

Hatua ya 8: Jipime wewe

Wiki ya nne, kabla mambo hayajaganda, toa kipande cha karatasi kisicho na jina: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakuzuia, ungebadilisha nini. Soma usiku huo. Kipindi kinachofuata waambie utabadilisha lipi, na lipi hutabadilisha na kwa nini. Fomu za tathmini za chuo zinakuja mwishoni, wakati waliojaza hawatafaidika na chochote.

Wiki ya mwisho, rudisha ile karatasi ya maswali sita ya siku ya kwanza, uilinganishe aina kwa aina. Kama bado nusu ya darasa inatoa asilimia kwa asilimia, usiwalaumu. Swali hilo lirudi mara tatu zaidi muhula ujao, katika sura tofauti. Mwombe pia mwenzako mmoja aje akae nyuma ya ukumbi, asikutazame wewe, awatazame wao: nani anaandika, nani analala, dakika ya ngapi simu zinaanza kutoka.

Yote haya yanakula muda, na kwenye fomu ya kupanda cheo machapisho bado yanahesabiwa kuliko ufundishaji. Kwa hiyo badilisha theluthi ya somo kila mwaka. Mwaka wa kwanza, maswali ya vidole na karatasi ya siku ya kwanza. Mwaka wa pili, vituo vya vitendo. Mwaka wa tatu, kazi ya kijijini na mtihani mpya kamili. Linganisha matokeo ya mwaka hadi mwaka kwa maswali yale yale na una data za makala. Hilo nalo linahesabika.

Weka kila kitu kwenye jalada moja: maswali na kura zake, michoro ya ubao wa V pamoja na vipimo, bei za vifaa, barua za vijiji na majina ya viongozi wa skimu waliokupokea. Nakala moja ibaki idarani na nyingine apewe fundi sanifu, kwa kuwa mhadhiri anaweza kwenda masomoni miaka minne, na yeye yupo pale pale karakanani.